Kigoma ukiupa ufukwe mgongo

Wageni wa likizo wakishuka Kigoma, swali lao la kwanza huwa ni ufukwe uko wapi. Nawaelewa. Maji ya Ziwa Tanganyika upande wetu ni maangavu, unasimama yakakufika kifuani na bado unaziona kucha za miguu yako. Mchanga upo, jua lipo, na mtu aliyekulia Pwani hushangaa sana anapoyaonja maji makubwa namna ile akakuta hayana chumvi. Kwa hiyo tunawapeleka. Wanaogelea, wanapiga picha, wanakula mgebuka wa kuchoma, na jioni tukiwa njiani kurudi mtaani kwetu Mwanga kuna mmoja ambaye lazima aulize, "Sasa kesho tunafanya nini?"

Hilo la kesho ndilo lililonifundisha mji huu. Nyumba yetu ni kituo cha ndugu wa mume wangu: wifi zangu kutoka Dar, watoto wao shule zikifungwa, mashemeji wanaopita kwenda Kasulu na Kibondo kwa shughuli zao. Mume wangu yuko kazini mchana kutwa, hivyo kuwatembeza kumekuwa juu yangu, na kazi hiyo nimeipenda kiasi kwamba nikisikia mtu anasema Kigoma hakuna cha kuona zaidi ya maji, moyo unaniuma kweli. Nilichojifunza ni kwamba kila kitu cha maana hapa kina saa yake, na saa hiyo haipangwi na mgeni. Ziwa linakwenda na mwezi wa angani. Mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ni wa alfajiri. Sokwe wanafuata matunda yalikoiva. Anayekuja na ratiba aliyoitunga ofisini ataukuta ufukwe, maana ufukwe unamngoja mtu saa yoyote, mengine yatampita.

Ndiyo sababu ndugu akinipigia kuniambia anaomba likizo, namwomba kwanza anisubiri niangalie kalenda ya mwezi: lini unaandama, lini unakuwa mpevu. Mwanzoni walidhani ni mambo ya imani. Ni mambo ya dagaa.

Dagaa wa Kigoma, hawa ambao nchi nzima inawajua, huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ukimulika majini, vijidudu vya ziwani vinakusanyika, dagaa wanavifuata, na wavuvi wanainua wavu waliokuwa wameuzamisha chini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za betri na za sola. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa wakishona nyavu na kuziba mitumbwi inayovuja. Baba mkubwa wa mume wangu, ambaye alianza kuvua kwenye mwalo wa Katonga akiwa kijana mdogo, alimjibu hivi mpwa wetu aliyeng'ang'ania kupelekwa ziwani usiku wa mbalamwezi: "Mwanangu, mwezi ukishawaka, taa yangu itamwita nani?"

Anayekuja wakati wa giza nampandisha mlimani kidogo baada ya chakula cha usiku, mahali ambapo ziwa linaonekana wazi. Taa zimejipanga majini kutoka upande mmoja wa macho hadi mwingine, nyingi, zimetulia, na karibu kila mgeni huuliza ule ng'ambo ni mji gani. Si mji. Milima ya Congo haionekani saa ile. Kinachoonekana ni watu wetu wako kazini. Wifi yangu mkubwa si mwepesi wa kusifu kitu, lakini alikaa pale mpaka baridi ikamwingia, na tuliposhuka akanitaka nimhesabie kila taa ni watu wangapi, wanakula nini usiku ule, na upepo ukibadilika wanafanyaje. Maswali hayo hakuyauliza ufukweni mchana.

Na upepo hubadilika. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na ziwa hili, ambalo lina urefu wa kilomita zipatazo 670, linapata nafasi ndefu ya kuinua mawimbi. Kina chake kinafika karibu mita 1,470, na duniani linazidiwa na ziwa moja tu, Baikal la Urusi. Watoto wakisikia hivyo wanadhani chini kule kumejaa samaki wakubwa wa ajabu. Nikamwachia baba mkubwa awaeleze alivyofundishwa na watafiti waliowahi kukodi mtumbwi wake: kuanzia mita mia moja na kitu kwenda chini maji hayana hewa ya kutosha kiumbe kama samaki kuishi, kwa hiyo uhai wote huu unaolisha mikoa na nchi nne, sisi, Burundi, Congo na Zambia, unakaa kwenye tabaka jembamba la juu. Tangu siku ile siangalii maji yale kwa jicho la kwanza. Ni mengi mno, na sehemu inayotulisha ni ndogo.

Asubuhi yake inabidi waamke kabla ya jua. Tunakwenda Kibirizi, kaskazini ya mji, wakati mitumbwi inaingia. Hapo sharti langu ni moja: hakuna anayetoa simu kupiga picha kabla hatujasalimia na kusema tumekuja kujifunza. Wanawake wa mwaloni wamechoka kupigwa picha na watu wasiowajua, na wana haki. Ukisema "Shikamoo mama, tunaomba kuona kazi," mlango unafunguka. Mama ninayenunua kwake aliwapa watoto wa wifi kazi ya kuanika. Walitandaza dagaa juu ya chanja, wakawageuza, wakachambua vijisamaki vingine vilivyoingia wavuni. Aliwafundisha kwa nini chanja: dagaa aliyeanikwa chini hubeba mchanga, na mpishi atamjua akishauma mmoja tu, hivyo bei zao haziwi sawa. Aliwafundisha pia kutazama mawingu, kwa sababu jua kali linamaliza kazi kwa siku moja na mvua moja tu inaweza kuozesha mtaji wote. Binti wa wifi, aliyekuwa kidato cha pili, aligundua mwenyewe kwamba dagaa hawakuwa wa namna moja. Kweli ni aina mbili, na zote ni za ukoo mmoja na dagaa wa baharini, ingawa bahari iko mbali nasi kiasi hiki. Mtoto yule alirudi nyumbani ananuka samaki na hakutaka kuoga kabla hajamsimulia bibi yake.

Anayepanga safari ya Juni au Julai aulize kwanza kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike na kuzaliana, na hiyo ndiyo miezi ambayo shule hufungwa. Waliotutembelea kipindi kile waliukuta mwalo mtupu. Ilikuwa miezi migumu. Mama yangu wa Kibirizi alihamia kwenye kuuza viazi na ndizi. Hata hivyo naunga mkono jambo lile, na baba mkubwa ambaye nyavu ndizo zilizosomesha wanawe anaunga mkono kuliko mimi, kwa sababu yeye anayakumbuka mavuno ya zamani.

Ujiji ni habari nyingine. Ni kilomita chache tu kusini, daladala zipo muda wote, lakini mimi siendi na mgeni asubuhi. Asubuhi utaliona jengo la makumbusho na mti. Alasiri, watu wakishaswali, wazee wanatoka barazani, na Ujiji yenyewe ndiyo hao.

Tunaanza na makumbusho hata hivyo, kwa sababu kila mtu amesoma shuleni kwamba hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone, mwaka 1871, mwezi Novemba kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Ipo nguzo ya ukumbusho, zipo sanamu za watu hao wawili wanasalimiana, na ipo miembe ambayo inaelezwa kuwa ni vizazi vya ule mwembe wa siku hiyo, ambao wenyewe ulikwisha kufa karne iliyopita. Wageni wengi husimama hapo, wanapiga picha, wanataka kuondoka. Nawazuia. Nawataka wakae kwanza na majina mengine mawili, Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ni Susi, Chuma na wenzao waliouzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ambako walifika mapema mwaka 1874. Safari ile ilipita katika njaa, maradhi na watu waliowatilia shaka, na hakuna aliyekuwa amewalazimisha. Kila nikimaliza kuisimulia kunakuwa na kimya, na mara nyingi ni mtoto anayeuliza, "Wao wana sanamu?" Swali hilo nalipenda sana na naliacha hivyo hivyo waende nalo.

Kuna jambo la pili ambalo wachache wanalijua. Baada ya kukutana, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini mwa ziwa kutazama Mto Rusizi. Wazungu walikuwa wakibishana kama mto ule unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Walipofika wakakuta maji yanaingia ziwani, hayatoki. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walikuwa wamefika Ujiji tangu mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba mto unaingia ziwani, lakini wakaondoka bila kujionea. Wavuvi wa kule, naamini, walikuwa na jibu hilo siku zote.

Kisha tunatembea kwa miguu. Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora, safari ya kilomita zipatazo 1,200. Ng'ambo ya ziwa, Manyema, zilitoka pembe za ndovu, na walitoka watu. Watu walivushwa ziwa wakiwa mateka, wengine wakaendelea mpaka pwani, wengine wakafia njiani, na wengine wakabaki hapa wakajenga, wakaoa, wakawa wenyeji. Mama mkwe wangu ni Mmanyema wa Ujiji. Bibi yake alivushwa akiwa mtoto. Hilo halimo katika kibao chochote cha makumbusho. Limo barazani kwake, na yeye hulisimulia wakati amekaa, amekunywa kahawa yake, na hakuna anayemharakisha. Nimemsikia akilisimulia kwa wageni tofauti na kila mara anaongeza kitu: wimbo, jina la mtaa, namna bibi yule alivyokataa maisha yake yote kupanda chombo tena. Wifi zangu, wanawe wa kuwazaa, walikuwa hawajawahi kusikia nusu ya mambo hayo. Walikuwa wanakuja likizo, wanamsalimia, wanampa kanga, wanakwenda ziwani.

Hiyo ndiyo sababu nikasema Ujiji ni ya alasiri na si ya kukimbiza. Nyumba za udongo zenye baraza, milango, misikiti, Kiswahili ambacho kina lafudhi yake na adabu zake: ukipita bila kutoa salamu umeshajitambulisha kuwa mgeni asiyefundishwa. Mtu akiniambia ana saa moja tu ya Ujiji namshauri asiende, afadhali apumzike, aende siku nyingine akiwa na nafasi.

Stesheni ya Kigoma nayo ina siku zake. Watu huuita mji wetu mwisho wa reli, na kwa kweli reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, wakati wa Wajerumani. Jengo lao la stesheni bado limesimama na bado linafanya kazi. Siku isiyo na treni ni jengo zuri tu. Siku ya treni ni jambo la kuona: mizigo ya mawese, magunia ya dagaa, akina mama na watoto mgongoni waliosafiri kuanzia Dar wakiwa na vumbi la mikoa yote, wapagazi, wapokeaji. Wapeleke wageni siku hiyo.

Kutoka pale unashuka kidogo kuelekea bandarini, na kama umeomba ruhusa getini ukakubaliwa, unaweza kuiona Liemba. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa masandukuni, ikavushwa bahari, ikaletwa kwa reli mpaka hapa na kuunganishwa upya. Ilishuka majini mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916, walipoona vita inawaendea vibaya, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene, kwa matumaini kwamba iko siku wataifufua. Waliofaidi grisi ile ni Waingereza. Waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina jipya, ikipeleka watu mpaka Mpulungu, Zambia, na kusimama mbele ya vijiji visivyo na gati ambako mitumbwi ilitoka kuipokea. Imekuwa nje ya safari kwa miaka sasa kwa ajili ya matengenezo makubwa. Baba mkubwa alisafiri nayo mara nyingi na akiizungumzia hutaja abiria wake kwa majina. Sijawahi kuona mtu anaipenda meli hivyo, na baada ya kumsikiliza nami naipenda.

Fundi mmoja wa gereji, shemeji wa jirani yetu, alikuja likizo na hakuvutiwa na kitu chochote mpaka alipoisikia habari ya grisi. Siku mbili alikuwa haongei jingine. Nikajifunza kumuuliza kila mgeni kazi yake kabla sijamchagulia pa kwenda.

Gombe sasa. Hapa nataka kusema taratibu kwa sababu wenzetu wengi hudhani ni ya watalii wa nje. Ni hifadhi yetu, raia tunalipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango chetu, na iko kilomita 16 hivi kaskazini ya mji. Hakuna barabara ya kufika. Unakwenda kwa boti. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini ni nafuu lakini zinatoka zikijaa na hutoka mchana, kwa hiyo anayezitumia ajiandae kulala kule. Familia ikijichanga inaweza kukodi boti na kuondoka mapema.

Na mapema ndiyo jambo lenyewe. Sokwe mtu hujitengenezea kitanda kipya cha matawi na majani juu ya mti kila jioni. Wafuatiliaji wa hifadhi wanaowafuata mpaka wanapolala ndio wanaojua asubuhi waanzie bonde gani. Ukichelewa, kundi limeshaondoka kufuata matunda, nawe utapanda milima ile inayoinuka kutoka ziwani, mita 773 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 1,500, ukisikia sauti zao upande wa pili wa korongo. Tuliwahi kupanda mpaka miguu ikatetemeka tukaona mbega na nyani tu. Siku nyingine, dakika chache baada ya kuingia msituni, mama mmoja na mwanawe walitupita njiani bila hata kututazama, tukasimama tumejibana pembeni kama watu waliokutana na mwenye nyumba.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, na alieleza kwa namna iliyonigusa. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika hapo tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, kwa sababu watawala wa Kiingereza hawakukubali msichana akae msituni peke yake. Miezi michache baadaye alimwona sokwe akichokonoa kichuguu kwa unyasi na kuvuta mchwa wa kula, na wataalamu waliokuwa wakifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye mtengeneza zana wakalazimika kufikiri upya. Eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, na utafiti alioanzisha bado unaendelea, wengi wa wanaoandika kila siku sokwe gani amekula nini na amekaa na nani wakiwa ni watu wa vijiji vya pale pale. Mwongozaji alisema baba yake mdogo alikuwa mmoja wao. Alilisema kwa fahari ambayo ningependa kila mtoto wa Kigoma awe nayo.

Kanuni zake msizichukulie kwa wepesi. Sokwe wanaambukizwa maradhi yetu. Mwaka 1966 polio iliwaua na kuwalemaza baadhi yao hapo Gombe, na mafua yetu ya kawaida yanaweza kuwamaliza. Ndiyo maana kuna barakoa, kuna umbali wa kukaa, na mwenye kikohozi haruhusiwi kwenda. Wifi yangu mdogo aliamka na mafua siku ya safari iliyokuwa imelipiwa. Alilia, lakini alibaki, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Njiani kurudi, mkiwa kwenye boti, tazameni milima. Mpaka wa hifadhi hauhitaji bango: upande mmoja msitu, upande mwingine vilima vilivyolimwa. Miaka ya nyuma ule upande wa pili ulikuwa umebaki udongo mtupu, na wenye hifadhi wakatambua kwamba msitu hauwezi kulindwa ikiwa wanaouzunguka hawana kuni wala maji. Mwaka 1994 taasisi ya Goodall ilianza kufanya kazi na vijiji hivyo, vitalu vya miche, misitu ya kijiji, kahawa ya Kalinzi kule juu. Kahawa hiyo inapatikana mjini. Anayenunua pakiti moja amenunua sehemu ya msitu ule ule aliotoka kuutazama.

Watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na mwanzoni hili lilileta machozi nyumbani. Siku hizi hao wadogo nawapeleka kijijini kwa shangazi wa mume wangu, nje kidogo ya mji, kwenye michikichi, na kwa maoni yangu wao ndio wanaopata siku nzuri zaidi.

Mkungu unakatwa kwa panga, ngazi, yaani matunda yake, zinachambuliwa moja moja, zinachemshwa kwenye pipa, zinatwangwa au kupitishwa kwenye mashine, zinakamuliwa, na mafuta yanachemshwa tena mpaka yajitenge na maji. Mekundu, mazito, yana harufu ambayo mtu wa Kigoma akiisikia mbali na nyumbani anasimama. Hakitupwi kitu. Makapi yanawashia moto. Kokwa, yaani mise, zinagongwa na kutoa mafuta mengine ambayo shangazi anatengenezea sabuni. Ana michikichi ya kienyeji aliyoikuta kwa wazazi wake, yenye kokwa nene na mafuta kidogo, na pembeni kapanda miche ya tenera, michikichi chotara, iliyotoka kituo cha utafiti cha Kihinga. Watoto huwa anawapa ngazi ya kila mti waipasue waone wenyewe tofauti. Mchana wanakula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese hayo waliyoyakamua. Kijana mmoja wa Masaki, ambaye mama yake alinionya kwamba hali maharage, aliomba nyongeza.

Wifi mkubwa anakuja tena Desemba, na safari hii hataki ndege. Anataka treni, na mama mkwe amesema kama ni treni basi atangulie Uvinza wakutane naye hapo, akamwonyeshe watu wanavyotengeneza chumvi kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na Mto Malagarasi. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kwamba kazi hiyo imefanyika pale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mama mkwe anasema bibi yake alipikia chumvi ya Uvinza tu, nyingine hakuitaka. Nimeshaanza kuulizia nyumba ya wageni na mtu wa kutupeleka kwenye chemchemi. Desemba ni mvua, barabara za kule zitakuwa na matope, na kuna ndugu wameshaniuliza kwa nini tusiende tu kuogelea. Nimewaambia waje na mabuti.